Koo la Gramafoni

Kilichomkera fundi tangu mwanzo ni kile kipande cha risasi.

Gramafoni yenyewe ilimfurahisha mpaka akasahau chai yake ikapoa. Ilikuwa ya zamani kweli, ya kabla ya santuri za sahani: unazungusha hendeli, sindano inatembea juu ya silinda ya nta, na sauti inatoka kwenye tarumbeta la bati lenye mdomo uliochanua kama ua la boga. Mashine za aina hiyo zilikuwa na ufundi mmoja ambao watengenezaji wa baadaye waliuacha. Zilicheza sauti, na pia ziliinasa. Ukiongea ndani ya tarumbeta, sindano inayachora maneno yako kwenye nta. Fundi alikuwa amezisikia kwa wazee wa kazi, lakini kuishika moja kwa mikono yake ilikuwa mara ya kwanza. Mbao za kasha zilezile, skrubu zilezile, hata ule mstari wa rangi ya dhahabu pembezoni mwa tarumbeta ulikuwa uleule uliotoka kiwandani. Isipokuwa hiyo risasi.

Mtu fulani, miaka mingi nyuma, alikuwa ameyeyusha risasi ya kulehemu akaimimina kooni mwa tarumbeta, pale linapokuwa jembamba na kuungana na kichwa cha sindano, akaliziba lote. Ilikuwa kazi ya haraka na ya ovyo, imechuruzika hadi nje. Juu yake palibaki alama ya kidole gumba, na mistari yake yote ilionekana.

"Hebu tazama," fundi alisema kwa sauti ili mkewe amsikie chumba cha pili. "Mtu mzima na akili zake anaziba koo la gramafoni kwa risasi! Na hata kungoja ipoe hakuweza, kaikandamiza kwa kidole. Huyu hakuwa fundi, huyu alikuwa mchinjaji."

"Huenda alikuwa na sababu yake," mkewe alijibu bila kusimamisha cherehani.

"Ujinga nao siku hizi unaitwa sababu."

Mtaani walimwita Fundi Vilevile, na jina hilo alilitafuta mwenyewe kwa ubishi wake. Ukimpelekea kiti cha babu yako kilichovunjika mguu, swali lake la kwanza lilikuwa moja: unataka kiwe kizuri, au unataka kirudi vilevile? Ukisema unataka kiwe kizuri, anakuonyesha mlango. Kwake kitu cha asili hakitupwi hata kikiwa kimeliwa na mchwa, na kilichoongezwa baadaye hakikai hata kikiwa cha dhahabu. Mkewe alipenda kuwatania wateja kwamba siku jino la mumewe likidondoka, atalilehemu palepale kuliko kuweka la bandia. Watu walicheka, na fundi mwenyewe alicheka, kwa maana mtu husifiwa hata kwa kutaniwa.

Walioileta ile mashine walikuwa bibi kizee na mpwa wake. Mpwa ndiye aliyeongea, kwa kuwa bibi alikuwa bubu.

"Kuna mtu anakusanya vitu vya kale," mpwa alieleza. "Ataichukua, ila anataka iwe kama ilivyotoka kiwandani. Kila tuliyemuuliza akatuambia, kwa hilo ni wewe tu."

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda kidogo karibu na meza ya kazi, na kigoda hicho kilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa binti wa fundi, ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake la kweli. Alikuwa Chiriku kwa sababu ya maneno. Mtoto huyo aliamka akiongea na kulala akiongea. Aliongea na pini za mama yake na bisibisi za baba yake, na kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka karibuni, kila neno lenye 's' lilitoka na mluzi. Baba yake alijifanya kuchoka naye. Ukweli ni kwamba siku Chiriku alipopelekwa kwa shangazi yake, fundi hakuweza kufanya kazi yoyote. Alizungukazunguka karakana kama aliyepoteza ufunguo.

"Bibi, hicho kiti changu," Chiriku alisema. "Lakini kaa tu. Mbona husemi? Umekasirika? Sisi hapa watu wazuri."

Bibi alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha alinyanyuka, akaweka kidole kwenye ile risasi, akakihamishia kwenye koo lake mwenyewe, halafu akafanya ishara ya mtu anayeng'oa kitu kwa nguvu zake zote.

"Bubu tangu utotoni," mpwa alisema kwa kuona haya. "Nadhani anataka hicho kitolewe."

"Bibi anaijua kazi!" fundi alifurahi. "Kitatoka, mama yangu, kitatoka chote."

Walipokuwa wanaondoka, bibi alimshika Chiriku mabegani akamsukuma nje ya karakana, hadi chumba cha mbele, bila upole. Kisha akalia. Mama Chiriku alichukia kidogo mwanawe kusukumwa hivyo, ila akanyamaza; machozi ya wazee hayahojiwi.

Fundi aliitoa risasi keshoye mchana. Aliipasha moto taratibu asichome rangi, ikalainika, ikatiririka kwenye kopo la mabaki ya lehemu na kuchanganyika na mengine. Koo likawa wazi, na humo ikatoka hewa. Haikunuka kutu wala vumbi, kama mtu angetazamia kwa mashine iliyokaa stoo miaka yote hiyo. Ilinuka pumzi ya mtoto aliyetoka usingizini, na ilikuwa ya uvuguvugu. Fundi aliweka kiganja mbele ya tarumbeta akaihisi ikija na kuondoka, ikija na kuondoka. Akajiambia ni joto la kulehemu. Wanasema ya kale hayanuki, naye alikuwa amelala na kuamka na vitu vya kale, hakutaka kuanza kuwa mwoga uzeeni.

Silinda ilikuwa bado kwenye mhimili wake. Alisafisha sindano, akatia mafuta, akazungusha hendeli. Ikakwaruza kwanza, kisha ikaja sauti ya msichana mdogo akicheka, akihesabu vidole vyake, akikosea, akicheka tena. Fundi alimwita mkewe. Chiriku alitangulia mbio.

"Nani huyo, baba?"

"Mtoto wa zamani. Saa hizi ni bibi kizee mahali fulani, kama yu hai."

Springi iliisha nguvu, silinda ikasimama. Chiriku aliingiza uso wake wote ndani ya tarumbeta. "Wewe ni nani?"

"Na wewe ni nani?" tarumbeta likasema.

Fundi na mkewe walitazamana. "Mwangwi," fundi alisema haraka. "Bati hilo, linarudisha." Mkewe alirudi kwenye cherehani yake, lakini mguu wake ulichukua muda kuipata pedali.

Tangu hapo Chiriku akawa na rafiki. Kigoda kilisogezwa mbele ya tarumbeta, na maneno yote yaliyokuwa ya pini na bisibisi yakahamia huko. Alimweleza ndoto zake, majina ya paka wa jirani, ugomvi wa mama na baba kuhusu paa linalovuja. Kumwondoa pale ilikuwa vita. Fundi angeweza kuizuia ile michezo, na baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa yote. Lakini alikuwa akisugua skrubu moja baada ya nyingine kwa mafuta, mwanawe anaporoja pembeni, na mtu hatilii shaka siku zake njema.

Kilichoanza kuharibika kwanza ni upande sauti inakotoka. Mama Chiriku aliitwa "Mama!" kutoka karakana wakati mtoto ameketi miguuni pake akikata vipande vya kitambaa. Aligeuka, akamtazama mtoto. Mtoto naye alikuwa amegeuka kutazama mlangoni.

"Umesikia?" mama alinong'ona.

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. "Ni yeye. Anajifunza," akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba, imekauka, kama imechujwa.

Wakampa maji ya moto na asali. Wakamfunga kitambaa shingoni. Mama akamkataza karakana, na kwa siku kadhaa nyumba ikajaa kikohozi cha mtoto upande wa mbele na kicheko cha mtoto upande wa nyuma. Kikohozi kilikuwa cha Chiriku. Kicheko nacho kilikuwa chake, hilo ndilo lililowatia baridi wazazi wake, kwa kuwa yule msichana wa zamani hakusikika tena hata silinda ilipozungushwa.

Halafu ikaja adhuhuri ile. Mama alikuwa amepakua, baba anaosha mikono, Chiriku ameketi mbele ya sahani yake. Akafungua mdomo kusema kitu. Mdomo ukafunguka, ulimi ukapanda, midomo ikakutana na kuachana, na haikutoka sauti, hata ile ya mtu anayepumua. Akajishika koo. Akajaribu tena, macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama. Na kutoka karakana, wazi kabisa, kwa ule mluzi wa meno yaliyong'oka, ikaja sauti yake:

"Mama, hiki chakula si cha moto sana?"

Sahani ilivunjika. Hakuna aliyekumbuka nani aliiangusha.

Daktari alimulika koo akasema koo ni zima, mtoto amepatwa na mshtuko, wavute subira. Fundi hakuwa na subira. Alikwenda kwa yule bibi akitembea nusu na kukimbia nusu, akagonga mlango kama askari. Ndani palikuwa na mtu akiimba. Alikuwa msichana mdogo, anahesabu vidole, anakosea, anacheka.

Aliyefungua mlango ni bibi kizee.

"Karibu, mjomba," akasema kwa sauti ya mtoto wa miaka saba, kisha akajiziba mdomo kwa mikono yake yote miwili.

Fundi alishika fremu ya mlango. Uso ule ulikuwa na makunyanzi mpaka kwenye kope, na sauti iliyotoka humo ilikuwa laini na safi, haijawahi kukohoa wala kumwita mtu mume. Walikaa. Bibi aliongea bila kumtazama, na alipoanza hakuweza kusimama, kama bomba lililoachwa wazi.

"Nilikuwa naongea nayo kila siku. Baba alininunulia ikiwa mpya, lakini ilikuja na mwenyewe ndani. Mwenyewe hana sauti, mjomba. Huvaa ya mtu. Anayo moja tu kwa wakati mmoja, na akipata mpya huiacha ile ya zamani irudi kwao. Baba alipojua, nilikuwa nimeshanyamaza. Akaogopa isichukue na ya mdogo wangu, akaiziba. Akaniziba na mimi humo. Sikuwahi kumsamehe. Nimezeeka nikijisikia naongea mle gizani, sina mtu wa kumwambia, na ningemwambiaje?"

"Ulijua nina mtoto," fundi alisema. "Ulimwona."

"Nilimsukuma nje." Bibi alianza kulia, na kilio kilikuwa cha mtoto aliyechapwa. "Uliona nilimsukuma nje. Zaidi ya hapo sikuweza. Wewe ungeweza?"

Fundi aliinuka.

"Usiizibe," bibi akamwambia mlangoni, akinong'ona. "Iache wazi. Atakuja mtoto wa mtu, na wako atarudishiwa. Ukiiziba, amekwisha."

Mganga waliyemleta alikuja na mkoba mdogo na majivuno makubwa. Aliamuru madirisha yafungwe, akafukiza, akakaa mbele ya tarumbeta na kuliamrisha jini litaje jina lake na litoke. Chiriku, yaani sauti ya Chiriku, ikamjibu kwa adabu zote: "Nitoke niende wapi, babu? Mimi sikuingia. Nilifunguliwa." Na baada ya hapo ikaanza kumtajia mganga mambo aliyoyanong'oneza maisha yake yote akidhani yuko peke yake, moja baada ya jingine, kwa mluzi wa mtoto, mpaka mganga akainuka akatoka na kuacha viatu vyake. Fundi alimpelekea viatu mtaa wa pili.

"Usiivunje," mganga alimwambia akiwa amesimama peku barabarani, jasho linamtoka. "Hiyo ndiyo nyumba yake. Ukiivunja, sauti ya mwanao inakufa palepale, na huyo atatafuta nyumba nyingine, na koo la mtoto liko tupu linamngoja. Kuna majini ya kutolewa na majini ya kufungiwa. Mfungie, ndugu yangu. Samahani, mimi sirudi huko."

Kufungia ni rahisi kusema. Fundi alijaribu kwanza kujitoa mwenyewe. Aliuingiza uso wake ndani ya tarumbeta akaongea kutwa nzima, akaimba, akaapa, akalia, akaiambia ichukue sauti yake yote na yaliyomo. Jibu lilikuja jioni, taa zinawashwa, kwa kicheko kile kile alichokuwa akikitafuta nyumba nzima siku ambazo mtoto hayupo.

"Hiyo yako kuukuu, baba. Mimi nataka mpya."

Mama Chiriku naye alijaribu, akaambiwa yake ina mishono.

Ndipo nyumba ikaingia kwenye hali ambayo haielezeki kwa mtu aliyekuwa nje. Mtoto alikuwa hapa, na mtoto alikuwa kule. Aliyekuwa hapa alikaa kwenye kigoda chake akitazama. Aliyekuwa kule aliita mchana kutwa, anataka maji, anaogopa, anauliza kwa nini hawaji kumchukua. Haikujulikana ni yeye kweli au ni yule aliyemvaa. Mama aliamini ni yeye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alikuwa akisikia mwanawe anamlilia kutoka ndani ya bati hatua chache kutoka alipoketi.

Kila asubuhi fundi aliyeyusha risasi kwenye kijiko cha chuma ili aizibe. Kila asubuhi sauti ikamwambia, "Unafanya nini, baba?" na risasi ikaganda kijikoni. Mkewe alimtazama akiishika na kuiweka chini.

Asubuhi moja mteja alimleta binti yake kupimwa gauni la shule. Alikuwa mama mwenye haraka, ana shughuli sokoni, akaomba amwache mtoto kidogo. Mtoto alikuwa mchangamfu, wa rika la Chiriku, na tangu aingie alikuwa hajafunga mdomo. Mama Chiriku alimpima mabega. Akampima kiuno. Akaushusha utepe wake wa kupimia taratibu, akautazama mlango wa karakana.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa tamu sana. "Unapenda michezo? Kuna kitu kule ndani, ukikiambia jina lako, nacho kinakujibu."

Fundi alikuwa pale akiwa na kijiko chake motoni. Alisikia hatua mbili zikija, moja nzito na moja nyepesi, akageuka akaona mkewe ameingia na mtoto wa watu mkononi, na usoni mwa mkewe hapakuwa na hasira wala huruma, palikuwa na kazi tu, uso uleule wa mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Na nyuma yao alikuwa Chiriku mwenyewe, amesimama, mikono ameifumbata kifuani, anatazama kwa matumaini ambayo baba yake hakuwa ameyaona tangu adhuhuri ile.

"Mama Chiriku," fundi alinong'ona. "Usifanye hivyo. Huyu ana mama."

"Na huyu wangu hana?" mkewe alinong'ona pia. "Neno moja tu, Baba Chiriku. Aseme neno moja. Geuza uso kama huwezi kuangalia."

Na kweli, msomaji, aligeuza uso. Tusimsafishe. Aligeuza uso akatazama ukuta ulioning'inizwa bisibisi zake, akasikia kigoda kikisogezwa, akasikia mtoto wa watu anacheka na kuuliza aseme nini, akahisi ile pumzi ya uvuguvugu ikitoka kwenye tarumbeta na kujaa chumba kizima kwa pupa, ikija na kuondoka, ikija na kuondoka kwa kasi, na utando wa kichwa cha sindano ukaanza kutetemeka peke yake kama ngozi ya mnyama aliyenusa chakula, na mtoto akavuta hewa ili ataje jina lake, na hapo mkono wa fundi, kabla ya fundi mwenyewe, ukamsukuma mtoto pembeni, ukakishika kijiko chenye risasi nyekundu, ukaelekea kooni mwa tarumbeta, na sauti ya mwanawe ikapiga yowe, "Baba usinizibe, baba, huku giza, baba, si mimi, si mimi niliyekosa," na yeye akamimina, akamimina yote, risasi ikachuruzika hadi nje, na kwa kuwa sauti ilikuwa bado inapenya kwenye tundu dogo lililobaki, naye hakuweza kuvumilia kuisikia tena hata nukta moja, aliliziba tundu hilo kwa kidole chake gumba, akakandamiza.

Mtoto wa mteja alikuwa analia. Alilia kwa sauti yake mwenyewe, kubwa na nzima. Chiriku naye alikuwa ameanguka kifudifudi sakafuni, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka, na kilio chake hakikuwa na mlio wowote.

Mama Chiriku alimwinua akambeba. "Umemzika mwanangu akiwa hai," alimwambia mumewe. Hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwake. Aliendelea kuishi mle, kupika, kushona, kuzungumza na wateja kuhusu mapindo na vifungo. Lakini mume akiingia, mdomo ulifungwa. Mlango wa kati ya vyumba viwili, ambao haukuwahi kufungwa, ulipata komeo.

Mpwa wa bibi alikuja kuichukua gramafoni, akarudi nayo baada ya siku chache. Yule mkusanyaji wa vitu vya kale ameikataa, alisema. Ati ina risasi kooni. Si ya asili. Bibi mwenyewe hataki kuiona, na nyumbani hafanyi kazi nyingine kwa sasa ila kuimba. Fundi aliipokea bila kubishana, akaiweka rafu ya juu kabisa. Aliitazama. Skrubu zilezile, mbao zilezile, koo limezibwa kwa kazi ya ovyo, na alama ya gumba juu yake. Katika kazi zote alizowahi kufanya, hakuna kitu alichowahi kukirudisha vilevile namna hiyo.

Kidole chake hakikupona vizuri. Kilibaki na ngozi laini isiyo na mistari wala hisia, na fundi asiyehisi kwa gumba ni fundi wa kusimuliwa. Wateja walipungua. Meno ya mbele ya Chiriku yaliota, makubwa, meupe. Hata kama angeongea, ule mluzi usingekuwepo tena. Ulikuwa umebaki mle tu.

Siku moja fundi alipanda kwenye kiti kupangusa vumbi rafuni, akaona kwenye risasi mikwaruzo mipya, inang'aa. Alidhani panya. Akamdhania mkewe, akaenda kutazama komeo, halikuwa limeguswa. Akahesabu bisibisi zake ukutani, ile nyembamba haikuwepo. Aliitafuta kutwa, na akaipata ndani ya mwanasesere wa kitambaa wa Chiriku, imeshonewa tumboni kwa mshono mdogo safi, kama alivyofundishwa na mama yake.

Alimwita mtoto. Akaishika bisibisi mbele yake. "Hii ni ya nini, mwanangu?"

Chiriku hakujificha. Alinyoosha kidole kuelekea rafuni, kwenye koo la gramafoni. Akakihamishia kwenye koo lake. Kisha akafanya ishara ya mtu anayeng'oa kitu kwa nguvu zake zote.

"Haiwezekani, mama," fundi alisema, machozi yanamtoka bila kuyafuta. "Ukitoka wewe ataingia mwingine. Nitakaa hapa niilinde mpaka nife. Unanielewa? Mpaka nife."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Alielewa. Akaenda kukaa kwenye kigoda chake, akamtazama baba yake, mvi zilivyomjaa kichwa na mikono inavyotetemeka, akatulia, kama mtu aliye na muda wa kutosha.